Majani Nyuma ya Bangalo

Siku ya kuniaga walinipa blanketi na saa ya ukutani. Blanketi nashukuru, Kericho ni baridi. Saa sijui walifikiria nini, kumpa mtu ambaye ndiyo kwanza ameachana na kengele za asubuhi. Kisha yule kijana anayesimamia nasari ya miche akasimama akasema, "Mama Kerubo, usiende na mambo yote kichwani. Tuandikie." Watu wakapiga makofi. Ni rahisi kupigia makofi kazi atakayofanya mtu mwingine. Haya, nimeketi, naandika.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyote viwili vilikuwa vidogo na vilichelewa. Nitaandika juu ya bustani ya majani iliyokuwa nyuma ya bangalo la meneja, na juu ya Mama Rebeka aliyenifundisha kazi pale, na jinsi alivyokaribia kupoteza nyumba yake kwa sababu ya bustani hiyo. Nyinyi mnaopanda maua kwa mstari na kuyanyunyizia dawa, someni polepole. Kuna mahali mtajifunza kitu, ingawa siahidi.

Nilikuja Kericho kutoka Kisii miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya, nikimfuata mume wangu ambaye alikuwa anachuma chai. Mimi pia wakaniweka kwa chai. Nilikuwa mchumaji mbaya, nasema bila haya. Wenzangu walijaza kikapu huku wakipiga hadithi, mimi nilikuwa nageuza jani moja moja kama mtu anayechagua kitambaa cha nguo ya harusi. Nyapara alinivumilia, halafu akachoka. Akaniambia, "Wewe mwanamke unapenda majani sana. Nenda bangalo, kuna mama anatafuta mtu wa kubeba mbolea."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi ya bustani. Watu wengine husema waliitwa na moyo. Mimi niliitwa na mavi ya ng'ombe.

Mama Rebeka alikuwa Mkipsigis wa upande wa Sosiot, mjane, mrefu, mkavu, na magoti yake yalilia akiinama hata ukaweza kumsikia kabla hujamwona. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Unatoka Kisii?"

"Ndiyo, Mama."

"Mnajua kulima?"

"Tunajua."

"Tutaona," akasema, akanipa karai.

Wiki ya kwanza sikushika hata jani moja. Nilibeba mbolea kutoka zizi la kampuni, nikaimwaga nyuma ya stoo, nikairundika, nikaigeuza. Nikimwuliza jina la mmea fulani ananiambia, "Mbolea imeisha?" Wiki ya pili aliniacha ning'oe magugu, lakini akisimama karibu sana hata kivuli chake kikanifunika. Mwisho wa mwezi alinipa jembe lake mwenyewe, lile la mpini mfupi. Nikajua nimeajiriwa.

Sasa historia ya bustani yenyewe. Ilianzishwa na memsabu wa kwanza, mke wa meneja Mzungu wa zamani, zamani ambazo hata Mama Rebeka alizisikia tu. Alileta mbegu kwa bahasha na vipandikizi vilivyofungwa kwa gazeti lililoloweshwa, kwa meli, kisha kwa treni mpaka stesheni ya Kipkelion, kisha kwa lori. Fikirini mama huyo. Alikuwa anaishi katikati ya majani ya kampuni, majani mbele, majani nyuma, majani mpaka macho yanachoka, na bado akaona hayatoshi, akaleta mengine kutoka kwao.

Alipanda rozimari, thaimu, seji, minti, pasili, na mengine ambayo majina yake sikuwahi kuyatamka sawasawa na hakuna aliyelalamika. Hayo yalikuwa upande wa juu, karibu na dirisha la jikoni. Upande wa chini, ambako memsabu hakufika kwa sababu ya matope, kulikuwa na bustani ya Mama Rebeka: sageti, mnavu, aloe, mchaichai, na pale langoni safu ya senetwet. Senetwet ni kichaka chenye maua ya manjano yanayosimama wima. Kila memsabu aliyekuja aliamini kwamba yule aliyemtangulia aliipanda kwa sababu ya urembo. Mama Rebeka hakuwarekebisha.

Kazi ngumu ilikuwa ni udongo. Chai inapenda udongo mchachu, na udongo wa Kericho ni mchachu kama maneno ya mama mkwe. Yale majani ya Wazungu hayapendi. Kwa hiyo tulikuwa tunachota jivu la jiko la bangalo kila asubuhi, tunaponda maganda ya mayai, tunachanganya. Rozimari na thaimu zinachukia kukanyaga maji, na nyinyi mnajua mvua ya hapa, inakuja mchana kama mtu aliyeandikwa kazi. Tukainua matuta juu, tukachanganya kokoto za murram. Minti, kinyume chake, inakunywa maji na haitosheki, halafu inatembea. Ukiipanda leo hapa, mwezi ujao iko kwa jirani inajitambulisha. Mama Rebeka aliipanda ndani ya debe lililotolewa matako, akalizika mpaka shingoni. Mtu yeyote anayepanda minti bila debe, msimwite mtunza bustani.

Na kulikuwa na mvua ya mawe. Ilipiga mara moja tu mwaka wangu wa pili na ikaacha bustani kama sukumawiki iliyokatwakatwa tayari kwa sufuria. Mimi nililia. Mama Rebeka aliangalia, akasema, "Kata yote, bakisha kisiki. Nyingine itakuja." Tulikata. Ikaja. Tangu hapo tulikuwa na magunia yaliyoshonwa pamoja, tukiona wingu limekuwa na rangi ya bati tunakimbia kufunika. Tulionekana kama watu wanaotandikia majani kitanda. Wachumaji walitucheka sana.

Aliyetucheka zaidi alikuwa Shem, mpishi wa bangalo, mtu wa Maragoli mwenye tumbo na apron nyeupe kuliko dhamiri yake. Alikuja kila siku mlangoni mwa bustani na bakuli.

"Mama Rebeka, nipe chakula ya mbuzi."

"Leo mbuzi anataka gani?"

"Anataka minti ya kuweka kwa kondoo. Kondoo amekufa na bado anapakwa minti. Hawa watu!"

Lakini nilimwona mara nyingi, akidhani yuko peke yake, anavunja tawi la rozimari na kulitia kwa kuku wake mwenyewe.

Kazi ya majani yale haikuishia jikoni. Watu wa kambini walikuwa wanakuja kwa mlango wa chini. Mtoto ana kifua, mama yake anapewa thaimu na maneno ya Mama Rebeka: "Chemsha, mfunike na blanketi, avute mvuke, usimchome." Mtu amechomeka na sufuria, anakatiwa aloe. Mama amejifungua, anapewa sageti ya kupika na maziwa, na hapo mimi nilikuwa mwalimu maana sageti ni mboga yetu Kisii na Wakipsigis wanaipika haraka mno. Mchaichai ulikuwa unaombwa kila siku. Tumekaa ndani ya chai mpaka shingoni, na watu wanakuja kuomba majani ya kutia kwa maji moto kwa sababu chai nzuri yote imepanda lori. Sitawaambia kwamba tuliponya watu. Nasema tu kwamba kanisani Jumapili kikohozi kilipungua, na mhubiri akaweza kumaliza.

Na walikuja kina mama wa Kipsigis kuomba senetwet. Hiyo ilinichukua muda kuelewa. Hawakutaka majani wala maua, walitaka fimbo. Fimbo inakaushwa juu ya meko mpaka iwe nyepesi mkononi. Kisha mwisho wake unachomwa mpaka uwe kaa jekundu, unaingizwa ndani ya kibuyu, unasuguliwa pande zote mpaka ndani kote kuwe na vumbi jeusi la mkaa. Jivu la ziada linatolewa kwa ufagio mdogo wa ukindu. Maziwa yanachemshwa, yanapozwa, yanamwagwa humo, kibuyu kinafungwa na kuachwa siku kadhaa. Hiyo ndiyo mursik. Inatoka na michirizi ya kijivu, na Mkipsigis akipewa anakaa kimya kwanza. Mtu asiyejua anafikiri kibuyu kilikuwa kichafu.

Kumbukeni hapo pa mtu asiyejua.

Memsabu wa mwisho aliondoka miaka ya sabini ilipoanza. Alizunguka bustani asubuhi ile, akavunja kipande cha kila jani, akavitia kwa kitambaa. Alimpa Mama Rebeka mkono. Baadaye akaja meneja Mwafrika, Bwana Sang, Mkipsigis aliyesoma shule za bweni tangu akiwa mdogo na baadaye ng'ambo. Tulifurahi, na sikuwa na sababu ya kujuta. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. Mkewe, Mama Sang, alitoka upande wa Nyeri na alisomea mambo ya utunzaji wa nyumba. Alikuwa safi sana. Aliosha hata sabuni.

Siku moja Bwana Sang akashuka bustanini na viatu vyake vyeusi.

"Mama Rebeka, hii ni nini?"

"Rozimari."

"Ya nini?"

"Ya nyama ya kondoo."

"Mimi nakula nyama na chumvi."

"Ni sawa."

"Na hii?"

"Seji."

"Ya nini?"

Mama Rebeka akafikiri. "Ya memsabu," akasema.

"Hii je?"

"Thaimu. Ya kifua."

"Si dispensari iko?"

"Iko. Jumapili inafungwa."

Bwana Sang akacheka kidogo, akasugua macho. Akatueleza, na sauti yake haikuwa na ubaya, kwamba kampuni imeandikia mameneja wote: ardhi ya mabangalo isiyo na kazi itiwe chai. Mwisho wa mwezi wakubwa wa bodi watakuja kukagua. Wakiona bustani ina kazi, itabaki. Wakiona ni majani tu, chai itapandwa mpaka dirishani. "Na wewe Kerubo utarudi kuchuma," akaniambia. Mimi nikaona kikapu changu cha zamani kinakuja kunichukua. Kisha akamgeukia Mama Rebeka, na hapo akaangalia viatu. "Mama, kwa magoti hayo hutaweza kuchuma. Itabidi upumzike. Nyumba nayo, unajua, ni ya mtu aliye kazini."

"Najua," akasema Mama Rebeka.

Ni lazima muelewe nyumba hiyo ilikuwa nini. Ilikuwa chumba kimoja na jiko, mabati, ukuta wa mawe, mwisho wa safu. Hakuwa na nyingine. Alipofiwa na mume, shemeji zake kule Sosiot waligawana shamba, wakapanda chai mpaka mlangoni mwa jiko lake, halafu wakapanda na jikoni. Hakujaliwa mtoto. Akitoka kwa kampuni alikuwa anatoka na kitanda chake kwenda barabarani. Jioni hiyo nilimwuliza, "Sasa utafanya nini, Mama?" Akaniambia nimwagilie pasili.

Wiki iliyofuata Bwana Sang alitaka mahali pa kuegesha magari ya wageni. Mahali tambarare palikuwa langoni. Aliwaambia watu wa barabara "safisheni pale," akaenda mkutano Nakuru. Watu wa barabara ni watiifu. Tulipofika asubuhi senetwet yote ilikuwa imekatwa na kung'olewa, inafuka moshi kwa rundo, na murram imeshindiliwa juu ya mashina. Mama Rebeka alisimama akitazama lile rundo.

Bwana Sang aliporudi, akaja na jambo jingine. "Mama, kati ya wageni kuna mzee mmoja wa Bomet, ndiye mkubwa wao. Shem hajui mursik. Unaweza kututengenezea?"

"Naweza."

Baadaye, tukiwa tunatia jivu kwa matuta, akaniambia mpango wake, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipanga kitu kwa sauti. "Nina fimbo chache kavu juu ya meko. Zinatosha vibuyu viwili. Watakunywa. Wataridhika. Watauliza hii imetoka wapi. Nitasema imetoka kwa bustani. Hapo Bwana Sang atasema nini?"

Nikaona mpango ni mzuri. Alivitengeneza vibuyu vyake viwili, akivisugua kwa ile fimbo taratibu, akinusa, akisugua tena, mpaka fimbo zote zikaisha. Akavining'iniza ndani ya stoo ya bustani, maziwa yatiwe kesho yake.

Kesho yake tulimkuta Mama Sang mlangoni mwa stoo, mikono ya sweta imekunjwa, uso unang'aa kwa wema.

"Mama Rebeka! Nimekuta vibuyu vyako vimejaa masizi mpaka nikashtuka. Wageni wakubwa hivi! Nimekusaidia. Nimetia maji moto na sabuni ya unga, nikaweka mawe madogo ndani nikatikisa mpaka mkono ukauma. Angalia, ndani ni safi kabisa."

Alikuwa amehangaika kweli, maskini. Mimi nilifungua mdomo. Mama Rebeka akanikanyaga mguu.

"Asante sana, Mama," akasema. "Mungu akubariki."

Kisha akaenda nyuma ya tangi la maji, akasema maneno kadhaa kwa Kikipsigis. Sikuomba tafsiri.

Aliporudi akageuza karai akalikalia. Akanusa kibuyu. Akanipa ninuse. Kilinuka sabuni kama shati la Jumapili. Tukaanza kutafuta njia. Senetwet ya reserve, kule kwenye mashamba ya wenyeji, ilikuwepo, lakini mbichi, na kwa mvua ile hakuna fimbo ingekauka kabla ya wageni. Nikasema tujaribu muwati.

"Huo ni wa kuchoma makaa."

"Mkaratusi basi."

"Unataka niwape wageni dawa ya kupaka kifuani?"

Mama Rebeka alikuwa anatazama upande wa juu, kwa ile rozimari ya memsabu wa kwanza. Ilikuwa imezeeka, nje kijani, lakini ndani kabisa, chini, matawi yake yalikuwa yamekufa na kukauka hata mvua haikuyafikia. Alienda akapiga magoti, magoti yakalia, akaingiza mkono, akavunja tawi moja. Likalia kama kijiti cha kibiriti.

"Kerubo," akasema, "kwetu mwanamke anajulikana kwa kibuyu chake. Mama mkwe wangu alikuwa ananusa kibuyu changu kabla hajanisalimia. Sijawahi kumpa mtu mursik ya mti mwingine. Sijawahi hata siku ya matanga."

"Basi tumwambie Bwana Sang haiwezekani."

"Halafu nilale wapi?"

Akachoma tawi.

Stoo ilijaa moshi mtamu, Shem akakimbia kutoka jikoni akidhani kuna mtu anaoka kondoo wake. Mama Rebeka alisugua vibuyu vile, uso ameugeuza pembeni, kama mtu anayebadilisha nepi ya mtoto wa jirani. Moshi wa rozimari una nguvu, ukaishinda sabuni. Akatia maziwa, akafunga, akaviweka pembeni. Kila siku nilimwona anavipita bila kuviangalia.

Siku ya wageni magari yalipanda kilima na kuegeshwa pale langoni. Gari la yule mzee wa Bomet ndilo lilitangulia, jeusi, kubwa, likasimama katikati kabisa ya ile murram mpya. Wageni walizungushwa viwandani, wakazungushwa mashambani, wakaja kula. Shem alikuwa ameogopa kupoteza kazi yake pia, kwa hiyo alitia majani kwa kila kitu. Nadhani hata maji ya kunawa yalikuwa na minti. Wazungu wawili walisifu. Wengine walikula tu.

Kisha Mama Rebeka akaitwa alete mursik. Mimi nilimbebea vikombe. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Alitikisa kibuyu, akamimina. Wazungu wakanywa, wakasema ni nzuri sana, haikuwa kali kama walivyoonywa. Bwana Sang akanywa, akafurahi, akaomba ingine. Mama Sang akanywa na kumkonyeza Mama Rebeka, akimaanisha unaona faida ya kuosha.

Mzee wa Bomet akanywa kidogo. Akakaa kimya. Akanywa tena. Akaweka kikombe.

"Mama," akasema, "nani alitengeneza hii?"

"Ni mimi."

"Wewe ni wa wapi?"

"Sosiot."

"Sosiot hawana senetwet siku hizi?"

Bwana Sang alianza kusema kitu akaacha. Mimi niliona nyumba ya Mama Rebeka inaondoka, na mabati yake. Angeweza kusema macho yake yalikosea mti, angeweza kusema ni sabuni, angemtaja mtu. Mama Sang alikuwa pale pale na hakujua chochote.

"Ilikuwepo, Mzee," akasema Mama Rebeka. "Ilikuwa hapo langoni."

"Sasa iko wapi?"

"Umeegesha gari juu yake."

Mzee akageuza shingo, akatazama dirishani, gari lake likang'aa huko nje. Alitazama kwa muda. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na alipocheka, alicheka mpaka akatoa kitambaa akajifuta macho. Wazungu nao wakacheka, kwa adabu, bila kujua ni nini. Bwana Sang akacheka mwisho, akiwa amewiva masikio.

"Na hii ni mti gani umenipa?"

"Rozimari ya Wazungu."

"Mama yangu angenifukuza nyumbani," akasema mzee. Akachukua kikombe, akamaliza, sijui ni kwa heshima au kwa kiu. Kisha akamwambia Bwana Sang, polepole, kama mtu anayeagiza chumvi, "Hapa msipande chai. Chai tunayo. Gari langu lihamishwe, na huyu mama arudishe mti wake. Nikija tena nataka kunywa ya kweli."

Ndiyo hivyo. Hakukuwa na hotuba. Gari lilihamishwa kabla ya chai ya saa kumi, na Bwana Sang mwenyewe alikuja kumwambia Mama Rebeka kwamba bustani inabaki, na yeye anabaki, na nyumba pia. Alimshika mkono kwa mikono miwili. Aliomba msamaha kwa ajili ya kichaka. Nilisikia furaha mpaka nikataka kumkumbatia meneja, lakini nilikuwa nimebeba vikombe.

Jioni nilimsindikiza Mama Rebeka mpaka kwake, nikimbebea kibuyu cha pili ambacho kilikuwa na mursik nusu. Nilikuwa naongea mimi peke yangu njia yote. Tulipofika mlangoni nikaona analia. Hakulia kwa kelele, machozi yalikuwa yanashuka tu.

"Mama, si tumeshinda?"

"Walimaliza vikombe, Kerubo. Wote. Mpaka wakaomba ingine."

"Si ni vizuri?"

"Vizuri wapi? Sang ni mtoto wa Kipsigis. Amekunywa moshi wa kondoo, akaniambia kwa lugha yetu, ni tamu mising, tamu sana, Mama. Hakujua. Mzee mmoja tu ndiye aliyejua, na yeye ana mvi mpaka kwa nyusi. Akifa yeye, nitamtengenezea nani?" Akajifuta na ncha ya kitambaa. "Na wewe ulionja. Sema ukweli."

Nilikuwa nimekunywa vikombe viwili nyuma ya jikoni, na cha tatu nilinyimwa na Shem kwa sababu alikitaka yeye. Nilifikiria kumdanganya. Lakini alikuwa ananiangalia vile alivyoniangalia siku ya karai.

"Mama," nikasema, "ilikuwa tamu."

Alinitazama, machozi bado yako shavuni. Kisha kitu kikaanza kumpanda kutoka tumboni, akashika mwimo wa mlango, akacheka mpaka magoti yake yakalia.

"Tamu! Wakisii wanasema ni tamu! Haya, beba. Iliyobaki yote ni yako, mpelekee bwana yako. Hiyo kitu haiingii kwa nyumba yangu."

Kisha akautazama ule mwimo aliokuwa ameushika.

"Nyumba yangu," akasema tena, kwa sauti ndogo, akaingia ndani.